Bei imepanda sawa, lakini zimeuzwa hisa ngapi? Tusomeshane taarifa ya kila siku ya DSE

Mkulima wa Hisa (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kila siku Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) likishafungwa, picha za bei zinaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kampuni fulani imepanda asilimia 4, fulani imeshuka asilimia 3. Watu wanapongezana, wengine wanajuta kwa nini hawakununua jana. Tangu Hisa Kiganjani, programu ya DSE ya kununua na kuuza hisa, iingie kwenye simu zetu, mambo haya yamekuwa ya kila dakika. Lakini ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza: zimeuzwa hisa ngapi, na kwa miamala mingapi?

Mimi nilianza kuuliza baada ya kuumia. Miaka ya nyuma niliona hisa ya kampuni moja ndogo imepanda siku mbili mfululizo. Nikampigia wakala, nikaweka oda kwa bei ya juu ili nisikose, nikapata. Fedha ile ilikuwa ada ya mtoto ya muhula uliokuwa unakuja, miezi mitatu mbele. Wakati wa ada ulipofika nikaweka oda ya kuuza. Siku ya kwanza kimya. Wiki ya kwanza kimya. Bei kwenye orodha ilikuwa ileile niliyonunulia, haijashuka hata shilingi moja, kwa hiyo kwa maandishi sikuwa na hasara yoyote. Ila mnunuzi hakuna. Nilikuja kuuza wiki ya saba, chini kwa asilimia 15, na ada nilikuwa nimeshaikopa kwa shemeji.

Ndipo nikarudi kwenye taarifa za zile siku mbili. Siku ya kwanza ziliuzwa hisa 150, muamala mmoja. Ya pili hisa 90, muamala mmoja. Watu wachache walikuwa wameuziana hisa za hela ya gunia la mchele, nami nikadhani soko zima limeamka.

Taarifa ya siku ya DSE iko bure kwenye tovuti yao, na bei ni sehemu ndogo tu ya yaliyomo. Kwa kila kampuni utakuta bei ya jana, ya kufungulia na ya kufungia, ya juu na ya chini. Halafu kuna thamani ya mauzo kwa shilingi, idadi ya miamala, idadi ya hisa zilizouzwa, na safu mbili ambazo wengi tunaziruka: oda za kununua zilizobaki bila muuzaji, na oda za kuuza zilizobaki bila mnunuzi.

Bei inakuambia waliouziana wamekubaliana shilingi ngapi. Idadi ya hisa inakuambia ni mzigo kiasi gani umehama mikono kwa makubaliano hayo. Nenda mnadani Pugu. Ng'ombe mmoja akinunuliwa kwa milioni 3 jioni na mtu mwenye harusi kesho yake, hakuna mfugaji atakayerudi nyumbani akisema ng'ombe wamepanda. Wakinunuliwa mia mbili kwa bei hiyo, habari itawafika hata walioko Kiteto. Kwenye hisa tunaisahau busara hii kwa sababu ile namba ya kijani kwenye simu haituonyeshi zizi lina ng'ombe wangapi.

Ndiyo maana wazoefu wa masoko, tangu enzi za Charles Dow kule New York mwishoni mwa karne ya 19, hawasomi bei peke yake. Bei ikipanda na hisa zinazouzwa nazo zikiongezeka siku hadi siku, wanunuzi wapya wanaingia na wako tayari kulipa zaidi. Bei ikipanda huku mauzo yanakauka, kinachoipandisha ni uchache wa wauzaji; akitokea mmoja mwenye mzigo na shida, inarudi ilikotoka. Kushuka kwa mauzo mengi ni watu wanaotoka kweli. Kushuka kwa hisa mia tatu mara nyingi ni mtu mmoja tu aliyebanwa na kodi ya nyumba. Na kuna hali ninayoiogopa kuliko zote: mauzo yanafura leo, kesho, keshokutwa, na bei haisogei. Hapo kuna mkubwa anamwaga au anazoa taratibu, na pa kuchungulia ni kwenye zile safu mbili za oda zilizobaki.

Sasa tatizo letu. Maelezo mengi ya somo hili yameandikwa kwa ajili ya masoko ambako hisa ya kampuni moja inauzwa mara elfu kadhaa kwa siku. DSE ilianza biashara Aprili 1998 ikiwa na kampuni moja tu, TOL ya gesi, na mpaka leo zipo kampuni zinazoweza kupitisha siku kadhaa bila muamala hata mmoja. Kwa soko la namna hii idadi ya hisa nayo inadanganya usipoiweka kando ya idadi ya miamala.

Chukulia kampuni ya kubuni, siku tatu tofauti, na kila siku hisa ilitoka 480 ikagusa 500.

Siku A: hisa 320, muamala 1.
Siku B: hisa 2,400,000, miamala 3.
Siku C: hisa 185,000, miamala 94.

Siku A ndiyo iliyonila ada. Siku B kila muamala una wastani wa hisa 800,000. Hao ni wakubwa wanahamishiana, pengine walishapatana bei kabla soko halijafunguliwa, na kesho yake huenda wasirudi. Siku C wastani ni hisa kama 1,970 kwa muamala, karibu shilingi milioni moja. Miamala 94 yenye ukubwa huo ni watu wengi, kila mmoja na mfuko wake, kila mmoja na sababu yake, na bado bei imekwenda juu. Hiyo ndiyo ninayoiamini, ingawa hisa zake hazifiki hata sehemu ya kumi ya Siku B.

Ongeza hesabu moja. Gawa thamani ya mauzo kwa idadi ya hisa. Kama Siku C mauzo yalikuwa shilingi 91,020,000, ukigawa kwa 185,000 unapata 492. Anayekutumia ujumbe kuwa "leo imegonga 500" amekusomea bei ya juu ya siku. Waliolipa, kwa wastani wamelipa 492.

Karibuni. Wenye uzoefu tofauti waseme, hasa mnaonipinga.

Kijana wa Makumbusho

Mkuu asante sana. Hili la kugawa thamani kwa idadi sikuwahi kulifikiria. Nimefungua taarifa ya jana sasa hivi, kuna kampuni kadhaa zina sifuri kwenye miamala na sifuri kwenye hisa, ila bei imeandikwa kama kawaida. Hiyo bei wameitoa wapi?

Mkulima wa Hisa

Ni bei ya mara ya mwisho watu walipouziana. Inaweza kuwa ya juzi, inaweza kuwa ya miezi mingi iliyopita. Inabebwa tu kutoka taarifa hadi taarifa.

Waliokuwa sokoni miaka ya 2020 hadi 2022 wanaikumbuka TBL, kampuni ya bia. Unafungua taarifa, 10,900. Unarudi baada ya mwezi, 10,900. TCC, kampuni ya sigara, nayo ilijikalia kwenye 17,000. Kuna watu waliniambia hizo ndizo hisa imara, hazitikisiki. Kampuni zenyewe ni kubwa na zina miaka mingi, hilo sibishi. Ila bei inaweza kutulia kwa sababu watu wengi wanauziana palepale kila siku, na inaweza kutulia kwa sababu hakuna anayeuziana. Mwenye hisa za aina ya pili, akitaka kutoka leo, ile bei iliyoandikwa si ahadi kwamba ataipata.

Sababu yenyewe iko kwenye umiliki. TBL ina hisa kama milioni 295 na zaidi ya nusu ni za mmiliki mkuu. TCC robo tatu ni ya JTI, kampuni ya sigara ya kimataifa. Vodacom ilipoingia sokoni Agosti 2017 iliuza kwa umma asilimia 25 tu ya hisa zake. Benki ya NMB ina hisa milioni 500, lakini wawekezaji wa Arise wana asilimia 34.9 na Serikali 31.8, kwa hiyo zinazoweza kuzunguka ni kama theluthi moja, hisa milioni 166 hivi. Benki ya CRDB ina hisa bilioni 2.6. Hisa laki moja za NMB zikiuzwa kwa siku, na laki moja za CRDB zikiuzwa siku hiyohiyo, uzito wake si mmoja hata kidogo. Kabla hujasema "mauzo makubwa", jiulize makubwa ukilinganisha na nini.

Mama Neema

Kaka Mkulima, hapo ndipo ninapokwama. Ninaandika kwenye daftari hisa zinazouzwa kila siku halafu natafuta wastani wa mwezi, kama nilivyoelekezwa kwenye semina. Juzi kampuni ninayoifuatilia ikatoa milioni mbili kwa siku moja. Tangu hapo kila siku inaonekana mauzo yamekufa, ingawa mimi naona wanauziana vilevile. Nakosea wapi?

Mkulima wa Hisa

Hujakosea hesabu, Mama Neema. Wastani ndio unaokuangusha, maana hapa kwetu siku moja ya mauzo ya mkupuo inaumeza mwezi mzima.

Tazama siku tano hizi: 1,200, 800, 0, 2,000,000, 1,500. Ukijumlisha na kugawa kwa tano unapata 400,700. Kuna siku hata moja iliyofanana na 400,700? Hakuna. Sasa zipange kuanzia ndogo: 0, 800, 1,200, 1,500, 2,000,000. Chukua ya katikati. Ni 1,200. Hiyo ndiyo siku ya kawaida ya kampuni hiyo.

Mimi nachukua siku 21 za soko, nazipanga, nachukua ya 11. Inanichukua dakika tano kila Ijumaa. Baada ya hapo, siku ikitoa mara tatu ya namba hiyo na miamala nayo imeongezeka, ndipo nakaa chini kutafuta kulikoni: matokeo ya robo mwaka yametoka? Gawio limetangazwa? Daftari la wanahisa linakaribia kufungwa?

Hilo la daftari liangalie sana Aprili na Mei. Watu wanajaza oda ili majina yao yawemo kabla daftari halijafungwa, mauzo yanapanda, bei inapanda. Daftari likifungwa, anayenunua leo hapati gawio la mwaka huo, kwa hiyo bei kupungua kwa kiasi kinachokaribia gawio ni haki yake. Mwaka jana kuna kijana alinipigia saa nne usiku kwa hofu kwamba watu wanakimbia. Tukakaa tukapiga hesabu kwa simu: gawio lilikuwa shilingi 50 na hisa ilikuwa imeshuka 45.

Kijana wa Makumbusho

Swali lingine mkuu. Mtu anaweza kununua hisa kumi tu kwa makusudi, dakika za mwisho, ili bei ya kufunga ionekane iko juu?

Mkulima wa Hisa

Kujaribu anaweza. Ni kosa chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994, na CMSA, mamlaka inayosimamia masoko hayo, ndio wenye jukumu la kufuatilia. Kuna pia kikomo cha kiasi ambacho bei inaruhusiwa kusogea kwa siku. Lakini wewe kama mnunuzi hauhitaji kumkamata mtu. Ukiona hisa 10, muamala 1, bei juu, iache ipite. Kesho au keshokutwa kama kupanda ni kwa kweli, miamala itaongezeka na utaiona. Utakuwa umechelewa kwa shilingi chache, sawa. Ada za kununua peke yake, ukijumlisha ya wakala na ya taasisi nyingine, zinazidi asilimia 2, na kuuza ni zaidi ya 2 nyingine. Hisa uliyoinunua 500 mpaka ipite 520 bado hujapata kitu. Kwa gharama hizo, kukimbilia mruko wa siku moja hakulipi.

Mzee wa Gawio

Nimesoma yote. Naheshimu bidii yenu, lakini nitawapinga.

Nilinunua CRDB wakati inaingia sokoni mwaka 2009, shilingi 150. Ninazo mpaka leo. Nimeishuhudia hisa hiyo ikienda juu, benki ikawauzia wanahisa wake hisa za nyongeza mwaka 2015 kwa 350, halafu bei ikateremka mpaka mwaka 2019 ikawa inacheza karibu na 100. Wachora michoro ya bei walikuwepo na wakati huo. Wote waliniambia niuze. Mimi sikutazama zimeuzwa hisa ngapi, nilitazama vitabu vya benki na gawio. Gawio la mwaka 2019 lilikuwa shilingi 17 kwa hisa. 2020 likawa 22. 2021 likawa 36, halafu 45, halafu 50, na la 2024 likawa 65. Na bei ikafuata yenyewe, 2024 ilikuwa imepita 600. Wingi wa mauzo ungenisaidia nini?

Mkulima wa Hisa

Shikamoo mzee. Nimefurahi umeandika, na sehemu kubwa ya uliyosema nakubaliana nayo.

Mauzo hayakuambii kampuni ni nzuri. Vitabu vyake ndivyo vinavyokuambia, na mtu anayeingia kwa miaka kumi na tano kama wewe anaweza kuishi bila safu ya miamala. Mimi sikuwa wewe. Mimi nilikuwa na ada ya shule ndani ya miezi mitatu. Wengi wanaoingia sasa hivi kupitia simu wako kama mimi kuliko walivyo kama wewe, wana fedha yenye kazi nyingine mbele. Kwa hao, kabla ya swali la kampuni nzuri au mbaya kuna swali la kama wataweza kutoka siku wanayotaka kutoka.

Na kwa mfano wako mwenyewe, mzee. Tangu lile gawio la 36, nilikuwa naona miamala ya CRDB kwa siku ikizipita kampuni nyingine kwa mbali, kwa hisa mia, mia tano, elfu. Bei ilipopanda kwa namna hiyo sikuwa na wasiwasi wa kununua, kwa sababu nilijua nikitaka kuuza Jumatano nitauza Jumatano. Vitabu ulivyosoma ndivyo vilivyowaleta watu. Safu ya miamala ilinionyesha kwamba wamefika.

Mzee wa Gawio

Marahaba. Hapo umenijibu. Lakini waambie vijana waanze na vitabu.

Mwanahisa wa Nairobi

Hamjambo ndugu zangu. Nawasoma kutoka upande huu wa mpaka. Kwetu NSE, soko la hisa la Nairobi, kuna hisa zilizolala vilevile, lakini wacha niwape mfano wa hisa isiyolala, ya kampuni ya simu Safaricom, kwa sababu huko mauzo yanasema kitu tofauti kidogo.

Kabla haijaingia sokoni Juni 2008, Serikali iliuza hisa bilioni 10, robo ya kampuni yenye hisa bilioni 40, kwa shilingi 5 za Kenya. Waombaji walizidi hisa kwa zaidi ya mara tano. Watu wakauza ng'ombe, wakakopa benki. Siku za kwanza ilipanda ikapita 7. Mauzo yalikuwa makubwa ajabu, na wengi waliyasoma kama nguvu. Lakini hebu fikirieni: mamia ya maelfu ya watu wamenunua kwa 5, wengi kwa mkopo wenye riba, na wote wana mpango mmoja, kuuza mara tu ikipanda. Mwaka haukuisha kabla haijaanguka chini ya 5, na mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya 3. Siku ya kwanza ya hisa mpya sokoni, mauzo makubwa ni lazima yawepo. Mimi huwa siyasomi kabisa mpaka miezi michache ipite.

Songa mbele mpaka Agosti 2021, ilikaribia 45. Halafu wawekezaji wa kigeni wakaanza kutoka. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya 15. Katika ile miaka miwili nilikuwa na kawaida ya kuangalia sehemu ya mauzo iliyotoka kwa wageni. Kila hisa ilipojaribu kuinuka niliona mauzo yamepungua, wenyeji tukinunua kidogo kidogo. Wageni wakirudi na oda zao, mauzo yanafura na bei inakatika tena. Kwa hisa yenye wanunuzi kila siku, swali la "nitatoka vipi" halipo. Kuna swali la nani anayeuza, na amebakiza ngapi.

Chuma cha Mbeya

Naomba kuuliza kwa wote wawili. Nimesikia kwamba bei ikianguka vibaya siku moja na mauzo yakavunja rekodi, hapo ndipo chini, wauzaji wote wameisha, unanunua. Ni kweli?

Mwanahisa wa Nairobi

Wakati mwingine. Mimi nimeona ikifanya kazi mara chache na nimeona ikiua watu.

Mkulima wa Hisa

Nakupa tarehe, Chuma, uichunguze mwenyewe. New York, Jumanne ya 29 Oktoba 1929. Ziliuzwa hisa milioni 16.4 kwa siku moja, rekodi iliyodumu karibu miaka 40. Kama kuna siku ambayo wauzaji wangekuwa wameisha, ni ile. Kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kilikuwa kwenye 381 mapema Septemba mwaka huo. Aliyenunua kwa imani kwamba hofu imekwisha aliona nafuu kwa miezi kadhaa, bei zikapanda kweli mpaka majira ya kuchipua ya 1930. Halafu zikaanza kuteremka upya, zikateremka, mpaka tarehe 8 Julai 1932 kipimo kikafungia 41.22. Ukitazama mauzo ya siku hiyo ya chini kabisa, hayakufika hata hisa milioni moja. Hapakuwa na kelele. Watu walikuwa wamechoka, wengine walikuwa hawana tena cha kuuza, wengine hawataki hata kusikia neno hisa.

Kwa hiyo siku ya mauzo ya kutisha inaonyesha kwamba wenye haraka wametoka. Wenye subira bado wamo, na nao wanaweza kutoka pole pole kwa miaka mitatu. Mimi natafuta vitu viwili kwa pamoja kabla sijaamini kuwa chini imefikiwa: mauzo ya kushuka yamepungua mpaka yamekuwa ya kawaida au chini ya kawaida, na oda za kuuza zilizobaki zimeanza kupungua wiki hadi wiki. Hapa kwetu hicho cha pili ndicho kigumu. Vodacom iliingia sokoni kwa 850, na kati ya 2021 na 2023 tuliizoea ikiwa 770, siku nenda rudi. Hisa ikikaa hivyo, tazama safu ya oda za kuuza zilizobaki. Kukiwa na rundo la hisa linasubiri mnunuzi kwa bei ileile, kila anayekuja kununua anahudumiwa kutoka kwenye rundo, na bei haina sababu ya kupanda mpaka rundo liishe.

Binti Kahama

Habari zenu kaka zangu, dada zangu na wazee. Nimesoma uzi wote mara mbili, naomba msaada wa kweli.

Baba yetu alifariki, akatuachia hisa 40,000 za kampuni moja ambayo sitaitaja. Mirathi imekamilika, hisa zimeshahamia kwenye akaunti yangu ya CDS, ile ya kuhifadhia hisa, kama msimamizi, na wadogo zangu wanataka mgao wao. Wakala ameniambia bei ni hii, zidisha kwa 40,000, fedha yenu ndiyo hiyo. Wadogo zangu wameshaanza kupanga matumizi. Sasa baada ya kusoma hapa nimefanya kama Mama Neema alivyoelekezwa. Nimechukua siku 21. Ya katikati ni hisa 1,200. Miamala kwa siku ni miwili au mitatu. Oda za kununua zilizobaki jana zilikuwa hisa 3,100, na za kuuza 26,000.

Mama Neema

Pole sana mwanangu kwa msiba. Na hongera kwa kufanya hesabu kabla ya kugawana.

Mkulima wa Hisa

Pole sana dada. Umefanya kazi nzuri kuliko wakala wako.

Hisa 40,000 kwa siku ya kawaida ya hisa 1,200 ni siku 33 za soko, na hiyo ni kama kila mnunuzi atakayekuja atanunua kwako peke yako. Mbele yako kuna wenye hisa 26,000 waliotangulia kwenye foleni. Kwa hali hiyo hesabu ya bei mara 40,000 haipo. Ukiweka oda ya 40,000 yote kwa mkupuo bila kikomo cha bei, utawafuta wanunuzi wa 3,100 kwa bei zao, halafu utaanza kushuka kuwatafuta wengine ambao hawapo.

Waambie wadogo zako leo, kabla hawajaahidi fedha kwa mtu, kwamba itachukua muda. Hilo ni la kwanza kwa sababu ndilo litakaloleta ugomvi.

Halafu weka oda yenye kikomo cha bei, kwa mafungu ya hisa 2,000 au 3,000. Usionyeshe mzigo wote. Siku ambayo miamala imeongezeka, labda matokeo mazuri yametoka, ndiyo siku ya kuongeza fungu. Siku zilizokauka, acha oda ikae, usiifukuzie bei chini. Na mwombe wakala, kwa maandishi, akutafutie mnunuzi mmoja wa mkupuo: mfuko wa uwekezaji, mfuko wa pensheni, yeyote anayetaka hisa nyingi na ambaye sokoni naye angeshindwa kuzipata bila kuipandisha bei. Atataka punguzo. Linganisha punguzo hilo na wiki saba za kusubiri, halafu mwamue kifamilia.

Mzee wa Gawio

Binti, uliza pia gawio la mwaka huu linakuja lini. Kama daftari linafungwa hivi karibuni, kuna hisa ambazo ni heri msiziuze mpaka majina yenu yapite.

Binti Kahama (wiki tano baadaye)

Shikamooni wazee. Narudi kutoa mrejesho.

Tuliketi kikao cha familia, mdogo wetu wa mwisho alinuna lakini akaelewa. Tumeuza hisa 18,500 mpaka jana, kwa miamala 16. Bei ya wastani imekuwa chini ya ile ya wakala kwa asilimia 3 hivi. Kuna siku matokeo ya kampuni yalitoka, miamala ikafika 21 kwa siku moja, sijawahi kuona, nikaongeza fungu nikauza hisa 6,000 kabla ya saa nane mchana. Mnunuzi wa mkupuo alipatikana akataka punguzo la asilimia 12, tukakataa. Daftari linafungwa mwezi ujao kwa hiyo zilizobaki tunasubiri kama mzee alivyosema.

Leo asubuhi oda za kuuza zilizobaki zimeshuka mpaka 9,000. Hii ina maana gani kwetu?

Mkulima wa Hisa

Foleni iliyokuwa mbele yako inaisha. Angalia na upande wa pili: oda za kununua ziko ngapi leo?

Binti Kahama

14,200.

Mkulima wa Hisa

Basi oda yako mpya ya kuuza usiiweke bado. Niandikie Ijumaa soko likifungwa, uje na miamala ya wiki nzima.